Hendibreki legevu: anzia kwenye tairi, malizia kwenye mkono

Gari ikiletwa gereji kwamba hendibreki haishiki, vijana wengi wanaoanza kazi hukimbilia nati ya mkono, ile inayokaza waya wa hendibreki. Wanakaza, mkono unakuwa mgumu, gari inaondoka, kisha inarudi dramu, yale makopo ya chuma yanayozunguka na tairi za nyuma, zikinuka kuungua. Waya uliovutwa kupita kiasi hauziachi breki shuu, vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zirudi mahali pake, na ajasta inayojirekebisha yenyewe (kifaa cha kusogeza shuu karibu na dramu) inashindwa kufanya kazi.

Kwanza vuta mkono taratibu ukihesabu milio ya meno yake. Gari ndogo nyingi hushika kati ya mlio wa 5 na wa 8, ila fuata kitabu cha gari husika. Mkono ukikaza kwenye mlio wa 5 na gari bado inateleza, usiguse nati kabisa. Hapo tafuta mafuta kwenye shuu au waya ulioganda.

Waya ulioganda ushuku mapema, hasa kwa gari zinazolala karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini. Mpira wa mwisho wa waya ukipasuka, maji ya chumvi na mchanga huingia ndani. Chomoa waya upande wa tairi, uvute, uachie. Usiporudi laini, badilisha. Kuumiminia oili kunasaidia kwa muda mfupi tu, na mchanga unanata humo.

Egesha mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, piga jeki, weka stendi. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shusha mkono, legeza nati ya waya. Dramu ikigoma kutoka, angalia matundu mawili yenye nyuzi usoni pake, mara nyingi ya bolti ya milimita 8. Kaza bolti mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Ukikaza moja tu dramu inakaa upande, na inaweza kupasuka.

Shuu iliyobaki milimita 1 imekwisha. Iliyolowa mafuta ya breki haifai hata ikiwa nene, na kabla ya kufunga mpya tengeneza silinda ya tairi (inayosukuma shuu) inayovuja. Badilisha pande zote mbili. Vumbi usilipulize, linaharibu mapafu, lilowanishe. Ajasta ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazokwenda kinyume, kwa hiyo fungua upande mmoja kwanza, ufunge, ndipo uende wa pili.

Rudisha dramu, zungusha nyota ya ajasta (gurudumu lake dogo lenye meno) mpaka tairi igome, halafu irudishe meno machache hadi tairi izunguke kwa mkwaruzo mwepesi. Kanyaga breki mara kadhaa ili ajasta ijiweke sawa. Sasa ndipo ukaze nati ya mkono mpaka upate milio ya kitabu. Mkono ukiwa chini, tairi zizunguke bila kubanwa. Gari zenye shuu ndogo ndani ya disiki (sahani ya breki) hufuata utaratibu huohuo, ila nyota hufikiwa kupitia tundu lenye kizibo cha mpira, na kukanyaga breki hakuzirekebishi.

Pima kwenye mwinuko, dereva akiwa ndani na mguu karibu na pedali, nyuma pasiwe na mtu. Gari itakayopanda Newala kutokea Masasi ikiwa na magunia ya korosho ipimwe ikitazama juu na ikitazama chini, kwa sababu shuu inayojibana gari ikielekea mbele si ile inayojibana ikirudi nyuma. Ikishika ikitazama upande mmoja tu, fungua dramu tena.