Bunju na tasi waliovuka Suez

Ndugu, umeuliza kwa nini samaki wa Bahari ya Shamu wanajaa Mediterania, ila wa kule hawashuki Shamu. Wachache hushuka. Lakini Mfereji wa Suez, unaounganisha bahari hizo mbili, hauna milango ya kuzuia maji, na muda mwingi wa mwaka mkondo husukuma kwenda kaskazini. Ulipofunguliwa mwaka 1869, Maziwa Machungu yaliyo njiani yalikuwa na chumvi kali mno, samaki wengi wakakwama hapo. Chumvi ile ikapungua polepole. Kisha Bwawa la Aswan likabana maji matamu ya Nile yaliyokuwa yakimwagika baharini, kizuizi kingine kikaondoka.

Anayeniudhi mimi ni bunju, yule mwenye ukanda wa fedha ubavuni. Alionekana Uturuki mwaka 2003, na sasa wavuvi wa Kupro wanavuta nyavu zilizokatwakatwa kwa meno yake. Haliki, ana sumu, kwa hiyo serikali yao huwalipa kwa kilo wamtoe majini. Na tasi je? Jamaa za hawa tunaowakaanga huku pwani, kule wanatafuna mwani mpaka mwamba unabaki mtupu.