Jikoni na Shangazi: Viungo vya boga visivyo na boga

Kila Oktoba barua zenu hubadilika. Mwezi wa nane mnaniuliza pilau ya harusi na achari ya ndimu. Majani yakianza kupukutika huku Ohio, kila mtu anataka kuoka boga. Vuli, wanasema waliosoma kamusi. Vuli yangu mimi ni ile ya mvua za Wete, Pemba, lakini sitagombana na mtu. Nimechagua barua tano. Zilizobaki zinauliza hayo hayo.

Shangazi, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la kwanza hapa Columbus. Mwalimu ameandika kila mzazi alete Ijumaa kitu cha pampkini spaisi. Nimenunua kikopo kidogo karibu dola sita, nikakinusa nyumbani, nikamwambia mume wangu: hii si masala ya chai? Nisaidie kabla sijajiaibisha. – Mama wa darasa la kwanza

Marahaba mwanangu. Pua yako haijakudanganya. Ndani ya kikopo hicho hamna chembe ya boga. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu, na mara nyingi olspaisi, ile punje ya Jamaica inayofanana na pilipili manga iliyonenepa. Wamarekani walikuwa wakivitia kwenye pai ya boga tangu zamani, kila kiungo na kikopo chake, mpaka mwaka 1934 kampuni ya McCormick ikavichanganya na kuviuza pamoja kama viungo vya pai ya boga. Neno pai likadondoka njiani. Starbucks walipoanza kuuza kahawa yao ya harufu hiyo mwaka 2003, mambo yakaharibika kabisa: siku hizi iko kwenye mishumaa, iko kwenye sabuni, na nimeiona kwenye chakula cha mbwa.

Masala yako ya chai ukiyatoa hiliki na pilipili manga, umefika. Kwa hiyo kikopo usinunue tena. Chukua mdalasini wa unga vijiko sita vya chai, tangawizi kavu viwili, kungumanga kimoja, ikwaruzwe hapo hapo, olspaisi nusu ukiwa nayo, na karafuu nusu kijiko. Nusu, tafadhali.

Karafuu ndiyo yenye mtihani. Msimu wa karafuu, sisi watoto tulikaa jamvini baada ya magaribi tukichambua. Shada liko kiganjani, kidole gumba kinasukuma, karafuu zinaangukia huku, makonyo kule. Vidole vinageuka rangi, na ukijisahau ukafikicha jicho, usiku huo hulali. Nikimwona mtu anajaza kijiko kizima cha karafuu ya unga kwenye keki moja, najua huyu hajachambua. Mafuta yake hutia ganzi. Ndiyo yale anayopakwa mtu mwenye jino bovu. Keki iliyozidi karafuu hunuka kwa daktari wa meno.

Na kabla hujawasha oveni, muulize mwalimu kama wanapokea vya nyumbani. Shule nyingi huku zinataka vya dukani, vyenye karatasi ya viambato, kwa ajili ya watoto wasiopatana na karanga. Mimi niliwahi kubeba trei nzima ya vitumbua, nikarudi nayo haijaguswa. Tulivila wenyewe na jirani siku mbili.

Shangazi, tulikuwa na boga la Halloween, ile sikukuu yao ya kuchonga maboga, kibarazani, zuri, watoto hawajalichonga. Nikaona hasara kulitupa. Nimelichemsha, nimeliponda, nimeoka mkate kwa vipimo vyote vya maelezo. Saa moja na nusu ndani ya oveni: juu kahawia, ndani uji. – Mchumi wa Grand Rapids

Pole. Nami yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza huku niliona maboga yamerundikwa mlangoni pa duka, makubwa, ya machungwa, nikasema alhamdulillahi, nimepata futari. Nikalikata, nikalitia tui na hiliki kama alivyokuwa akifanya mama. Nilipofunua sufuria, vipande vilikuwa vimetoweka. Maji matupu ya rangi ya machungwa. Mume wangu, Mungu amlipe, aliyanywa kwa kikombe na kusema supu nzuri.

Boga lile limezalishwa kwa ajili ya kuchongwa. Linatakiwa liwe kubwa, ganda jembamba, lisimame vizuri, basi. Nyama yake ni nyuzi na maji. Halina sumu, ila halina ladha pia. (Likishachongwa na kukaa nje na mshumaa ndani, hilo ni la mbolea, usile.) Unalolitaka ni dogo, kama kichwa cha mtoto, zito kuliko unavyolitegemea ukilinyanyua, dukani huandikwa boga la pai au boga la sukari. Usipolipata, chukua butternut, ile ndefu yenye ganda la rangi ya ngozi. Wala hutakuwa umedanganya mtu: boga la kopo, linalotengenezwa kwa wingi katika mji wa Morton, Illinois, hutoka kwenye aina inayoitwa Dickinson, ambayo ni ndugu wa butternut kuliko lile la machungwa la kibarazani. Na kwa ulimi wangu, butternut ndiyo inayokaribia boga letu lenye unga.

Kosa la pili: umelichemsha. Boga limejaa maji, nawe umeliongezea. Lipasue katikati, komba mbegu, lilaze kifudifudi kwenye trei, oveni nyuzi 400 za Fahrenheit, yaani 200 za kwetu, dakika 45 mpaka saa nzima. Kisu kikizama bila kusukumwa, toa. Komba nyama kwa kijiko, iponde, halafu fanya lile ambalo watu wote wanaliruka: tandika kitambaa safi juu ya chungio, mimina boga, liache saa nzima juu ya bakuli. Rudi uangalie bakuli. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata karibu kikombe kizima cha maji ya manjano kutoka kwenye boga moja dogo. Kikombe hicho ndicho kilichokuwa ndani ya mkate wako. Boga lililochujika likichotwa hukaa juu ya kijiko kama kilima, halitiririki.

Sasa mkate. Boga hilo kikombe kimoja, mayai mawili, mafuta nusu kikombe, sukari kikombe kimoja, koroga. Kando, unga wa ngano kikombe kimoja na robo tatu, beking soda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu, viungo vijiko viwili. Changanya vyote kwa mwiko, na ukiacha kuona unga mkavu, simama hapo hapo. Ukiendelea kupiga, unga unavutika na mkate unakuwa mgumu. Nyuzi 350, sawa na 180, dakika 55 hadi 65. Chomeka njiti katikati. Usikate ukiwa moto, najua utakata.

Mbegu usitupe: zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi. Hilo hamhitaji kufundishwa.

Kama uko karibu, njoo siku moja Circleville, kusini ya Columbus. Wana maonyesho ya maboga ya mwezi wa Oktoba, yaliyoanza mwaka 1903. Kuna maboga yanayobebwa kwa mashine na pai yenye kipenyo cha futi sita. Mimi huenda kwa ajili ya donati za boga na kuwasikiliza wazee wa kizungu wakibishana mbolea, maana wanabishana kama wazee wetu barazani.

Nimehamia Denver kutoka Dar. Keki zangu za boga zinaumuka vizuri, halafu katikati zinadidimia kama sahani. Oveni mpya! – Aliyekata tamaa, Denver

Oveni haina kosa, mdogo wangu. Uko mita 1,609 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, keki inafura haraka kabla mayai na unga havijashikana, halafu inaanguka. Punguza beking soda au pauda kwa robo, punguza sukari vijiko viwili vikubwa kwa kila kikombe, ongeza maziwa vijiko viwili, na pandisha moto nyuzi 15 au 20 za Fahrenheit. Ukimpata Mkenya wa Nairobi hapo mtaani muulize, kwao ni juu zaidi ya Denver na keki zao zinasimama.

Shangazi, salaam aleikum. Mimi ni mwanamume wa Mombasa, naishi Minneapolis, nimeoa binti wa hapa aliyesilimu. Wakwe wamenialika Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, na nimejitolea, sijui nilipagawa na nini, kuleta pai ya malenge. Ya majaribio imepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi. Pia nina wasiwasi wa uhalali wa viungo. – Mkwe

Waaleikum salaam, mwanangu. Umejitolea vizuri. Mkwe akija na sahani mkononi hupokewa vingine.

Uhalali kwanza. Ganda la pai la dukani lisome upande wa nyuma. Ukiona neno “lard”, hayo ni mafuta ya nguruwe, rudisha kwenye friji yao. Lililobaki ni vanila: esensi inayouzwa Marekani, kwa sheria yao, ina alkoholi isiyopungua asilimia 35. Kuna masheikh wanaosema kiasi kidogo kikipikwa hakina neno, na wapo wanaokataa. Muulize wa msikiti wako, mimi ni mpishi. Jikoni kwangu natumia vanila ya unga, na kwenye pai hii situmii kabisa. Naweka hiliki.

Ganda lifanye mwenyewe. Unga gramu 160, chumvi kidogo, siagi gramu 115 iliyotoka kwenye friji. Isugue siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande kama njegere, kisha nyunyiza maji ya barafu vijiko vitatu au vinne vikubwa, mpaka ukifinya ishikane. Usikande! Mikono ya chapati iache mlangoni. Funga, weka kwenye friji saa moja, ndipo usukume.

Ndani: kopo moja la boga la gramu 425, mayai matatu, sukari ya kahawia robo tatu kikombe, viungo vijiko viwili vya chai, hiliki nusu kijiko, chumvi kidogo, na badala ya maziwa ya kopo weka tui zito kikombe kimoja na nusu. Wakwe zako watauliza umetia nini. Waache waulize.

Moto nyuzi 425 dakika 15, kisha shusha 350, dakika 40 au zaidi kidogo. Na hapa ndipo ulipopasukia. Pai ya boga si keki, ni mayai yaliyoganda, kama kastadi. Wewe ulingoja katikati pakauke, na yai lililopikwa kupita kiasi hujikunja na kuchanika. Toa pai wakati ukingo umeshika na katikati panatikisika kama faluda. Itamalizia kuiva kwa joto lake. Usiipeleke nje kwenye baridi ya Minnesota ipoe haraka, nayo hiyo hupasua. Ioke Jumatano, maana sherehe yenyewe ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na ikishapoa iweke kwenye friji, isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ikipasuka tena, funika kwa krimu iliyopigwa na ukae kimya. Nusu ya pai za nchi hii zina krimu juu, hudhani ni kwa nini?

Shangazi, sisi wa Tandika hatuna oveni wala majani ya kupukutika. Ila boga lipo, shilingi elfu mbili. Tunaruhusiwa? – Msomaji wa Dar

Mnaruhusiwa kuliko wote, maana boga lenu halihitaji saa nzima ya kitambaa. Lipike kwa mvuke, si kwa maji, liponde, fuata vipimo vya mkate hapo juu. Sufuria nene ipake mafuta, mimina, funika, kisha palia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Moto wa juu uzidi wa chini kila mara, la sivyo utapata mkaa wenye boga juu yake. Angalia baada ya dakika 35. Na ukifunua, inua mfuniko kwa koleo, uusogeze pembeni ukiwa umelala sawa, kwa sababu majivu yakishamwagikia keki hayapangusiki.