Matairi ya safari ndefu kwa Allion, 195/65R15: kinachoyaua ni joto

Mkuu, umesema Toyota Allion yako inavaa matairi ya size 195/65R15, unatoka Dar kwenda Mbeya kila mwezi na familia na mizigo, na fundi anakusukuma ufunge matairi ya kashata kubwa (vile vipande vya mpira vilivyochomoza usoni mwa tairi) kwa sababu ya kipande cha vumbi cha kuingia kijijini. Mwache. Kipande hicho hakiwezi kukuchagulia matairi ya kutembea zaidi ya kilomita 800 za lami. Kashata kubwa zinanguruma, zinakula mafuta, na lami ikilowa hazishiki vizuri. Chukua ya barabarani, yenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima. Mifereji hiyo ndiyo inayotoa maji mvua ikikukuta mlima Kitonga.

Kwenye njia hiyo tairi linauawa na joto. Kila mzunguko ubavu unakunjwa na kunyooka, na mzigo ukiwa mwingi, upepo mdogo na mwendo mkali, joto linapanda mpaka mpira unaachana na nyaya za ndani. Kwa hiyo dukani soma ubavu kwanza, bei baadaye. Unatafuta 91H: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, H ni mwendo wa mwisho wa kilomita 210 kwa saa. Size yako ikikosekana muuzaji atakupa 195/60R15 88H, na kwenye rimu litaingia bila shida. Lakini 88 ni kilo 560 tu, gari linashuka karibu sentimita moja, na spidi mita inakudanganya. Kataa.

Kama limeandikwa TEMPERATURE, yaani daraja la kuhimili joto, chukua A. Namba ya TREADWEAR, ya tairi kuchelewa kulika, isikubabaishe sana, kila kiwanda kinajipangia chenyewe.

Halafu tarehe. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Mara nyingi zipo ubavu mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Jipya lililokaa dukani zaidi ya miaka miwili lipigie bei. La mtumba lililovuka mitano liache hata kama kashata imejaa.

Kwenye mtumba kuna mtego mwingine, matairi ya theluji kutoka Japani. Tafuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Kashata zake zimechanjwa vijimistari vyembamba vingi na ukibonyeza kwa kucha mpira unaingia. Umetengenezwa kwa baridi. Kwenye joto la Dar unalika kama kifutio na gari linayumba kwenye kona. Yanauzika kwa sababu kwa macho yanaonekana mapya.

Ukiwa na hela ya mawili tu, mapya yafungwe nyuma, ingawa gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Fundi wengi watabisha. Sababu ni maji: mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari linarudi, nyuma ikiteleza gari linazunguka na huna la kufanya.

Wakati wa kufunga dai valvu mpya, kubalansi yote manne, kisha alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu). Tairi likianza kulika upande mmoja, ni alaimenti; likilika pembeni kote kuwili, upepo ulikuwa mdogo; katikati, umezidi. Kipimo cha upepo kipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Ile MAX PRESS ya ubavuni ni kikomo cha tairi, haihusiani na gari lako. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima Morogoro utakuta psi 4 au 5 zaidi. Usizitoe, ni joto, na ukizitoa ndiyo umelipunguzia upepo kabla ya kupanda milima.

Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, Nm 103, kwa kuruka ruka toka nati moja hadi ya upande wa pili, siyo kwa bunduki ya upepo mpaka boliti zinavutika. Baada ya kilomita 100 simama, ukaze tena.