Jibu: Kadi za besiboli za 1988 hadi 1992 mbona hazinunuliki?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini duka la kadi huko Ohio limelikataa sanduku lako la kadi za besiboli (kadi ndogo zenye picha za wachezaji) za 1988 hadi 1992, ilhali kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kadi za kipindi chako zilichapishwa kwa wingi kupita kiasi, na watu wakazihifadhi wakitarajia faida, hivyo hazikuadimika. Za 1952 nyingi zilitupwa.

Kwanza tafuta kadi namba 1 ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, ya mchezaji Ken Griffey Jr., ambayo bado ina wanunuzi, kisha uikague chini ya taa kali: pembe, kingo, mikwaruzo, na kama picha imekaa katikati. Usizipeleke zote PSA, kampuni inayokagua kadi, kupangiwa daraja la ubora, kwa sababu ada ya kadi moja huzidi thamani ya nyingi kati ya hizo. Mimi hutazama bei zilizokwisha kulipwa kwenye eBay, si zile wanazoomba wauzaji. Bila kuiona kadi yenyewe siwezi kukukadiria bei, kwa hiyo weka picha za mbele na nyuma.