Kabla ya Kuwasha Leza, Jua Mwali Unaishia Wapi

Saa ya mkononi ndiyo iliyonifungua macho, nusura iyafumbe ya mwenzangu.

Nilikuwa mgeni maabarani. Nimeinama juu ya meza ya optiki nazungusha skrubu ya kioo, na mwali wa kijani wa nanomita 532 unapita sentimita chache chini ya mkono wangu. Nikashusha mkono kidogo tu. Doa la kijani likaruka darini, likateremka ukutani, likapita kifuani kwa mwenzangu aliyekuwa anaingia mlangoni, likapotea. Mkanda wa saa yangu ulikuwa wa chuma king'aacho.

Mzee aliyekuwa anatusimamia hakufoka. Alizima leza, akaniuliza, "Mwanga huu unaishia wapi?" Nikamwonyesha kipima nguvu mwisho wa meza. "Huo ni ule unaoutaka. Na mwingine je?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeshika leza za kupimia, za kukatia na za majaribio ya fizikia, na karibu kila kilichoniharibikia kilianzia kwenye huo mwanga mwingine.

Chukua lenzi ya kawaida isiyopakwa tabaka la kuzuia mwakisiko. Kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Mwali ukiwa wa wati 1, hizo ni miliwati 40 kutoka uso mmoja, na lenzi ina nyuso mbili. Sasa linganisha: leza ya mwanga unaoonekana ikivuka miliwati 5 tu inaingia daraja la hatari la 3B, ambalo mwali wake ukikupiga jichoni moja kwa moja ni hatari. Ikivuka nusu wati ni daraja la 4, na hapo hata mwanga uliotawanyika kutoka kwenye ukuta mweupe unaweza kukudhuru. Kwa hiyo makombo ya leza kubwa ni leza kamili. Jicho nalo linausaidia mwali kukuumiza: linaukusanya uwe nukta kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ukali wake pale unapanda kama mara laki moja. Retina iliyoungua haioti upya.

Usijidai utapepesa kope. Kope hufunga kwa kama robo sekunde, tena kwa mwanga unaouona. Leza nyingi za utafiti ni za nanomita 1064, infraredi, ambayo jicho halioni chochote lakini linaipeleka hadi kwenye retina vilevile. Niliwahi kumkuta mtu ametulia kabisa mbele ya leza ya namna hiyo, amevaa miwani ya rangi ya chungwa. Miwani ile ilikuwa ya kuzuia kijani. Infraredi ilikuwa inapita kama haina habari naye. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye lenzi za miwani: utaona masafa ya nanomita, na namba ya uzuiaji. Namba 6 maana yake inapitisha sehemu moja tu kati ya milioni. Kama urefu wa wimbi la leza yako haumo kwenye masafa hayo, hiyo ni miwani ya urembo.

Na leza za kijani zina ujanja wao. Nyingi hutengeneza kijani kwa kupitisha infraredi ya 1064 kwenye fuwele inayokata urefu wa wimbi nusu, ndipo unapata 532. Ubadilishaji huo haukamiliki kamwe, na za bei ya chini mara nyingi hazina kichujio cha kuzuia kinachobaki. Unafikiri una mwali mmoja, kumbe ni miwili na mmoja huuoni. Weka kadi ya kuonyesha infraredi karibu yako kama fundi anavyoweka bisibisi.

Tuje kwenye kulenga, kazi inayomaliza saa za wanaoanza kuliko nyingine zote. Unataka mwali upite kwenye njia moja iliyonyooka. Weka vilango viwili vyenye tundu dogo, kimoja karibu na kingine mbali, kwa kimo kimoja. Halafu una vioo viwili. Kioo cha kwanza kinahudumia tundu la karibu, kioo cha pili kinahudumia tundu la mbali. Zungusha cha kwanza mpaka doa likae katikati ya tundu la karibu, nenda cha pili ulete doa katikati ya tundu la mbali, rudi cha kwanza. Kila mzunguko kosa linapungua. Mimi usiku mmoja nilivizungusha kinyume, nikawa kila nikirekebisha naharibu zaidi, hadi nikaanza kuilaumu meza. Fanya kazi hiyo kwa nguvu ndogo kabisa, umesimama, mikono haina pete wala saa. Kitu kikikudondokea, usiiname ghafla kukiokota. Kimo cha meza ndicho kimo cha mwali, na ukiinama macho yanapita papo hapo. Ziba mwali kwanza.

Mwanga mwingine hauishii kwenye kuumiza macho. Unaharibu vipimo pia, na hapa ndipo niliponyenyekea. Nilijenga interferometa ya Michelson, chombo kinachogawa mwali kwenye mikono miwili yenye vioo kisha kuuunganisha tena utoe mistari ya mwanga na giza, kwa leza nyekundu ya heli na neoni, nanomita 632.8. Uzuri wake ni kwamba kioo kikisogea nanomita 316 tu, nusu ya wimbi, mstari mmoja mzima wa mwanga na giza unapita mbele ya kipokezi. Mistari yangu ilikuwa inakimbia peke yake. Kwa wiki nzima nilikuwa nashuku leza. Mkosaji wa kwanza alikuwa hewa: kwenye mkono wa mita moja, mwali unaenda na kurudi mita mbili, na hewa hiyo ikipata joto digrii moja tu, kama mistari mitatu inapita bila kioo kuguswa. Tundu la kipoza hewa lilikuwa juu ya meza yangu. Nililifunika jaribio kwa boksi la karatasi, boksi la kawaida tu, mistari ikatulia.

Ikatulia nusu. Bado kulikuwa na kuruka kwa ghafla. Mkosaji wa pili nilikuwa nimemkaribisha mwenyewe: sehemu ya mwanga ilikuwa inarudi ndani ya leza ileile iliyoutoa, na leza ikirudishiwa mwanga wake inayumba. Nilikipindisha kioo kidogo sana ili makombo yale yapite kando ya tundu la leza, nikayawekea kizibo cheusi. Siku hiyo pia nilijifunza kuiacha leza ipate joto kama nusu saa kabla ya kuandika kipimo chochote.

Hata LIGO, interferometa kubwa za Marekani, wale walionasa mawimbi ya mvutano tarehe 14 Septemba 2015, wanahangaika na ugonjwa huohuo. Mikono yao ina urefu wa kilomita 4, imo ndani ya mabomba yaliyotolewa hewa, na ndani ya mabomba hayo kumewekwa vizuizi kwa ajili ya kumeza mwanga uliotawanyika. Wanapima mtikisiko mdogo kuliko kipenyo cha protoni. Boksi langu la karatasi lilinifanya nijione ndugu yao wa mbali.

Kwa wa karakana nina mambo machache tu. Leza ya kaboni dayoksaidi hutoa mikromita 10.6, na mfuniko wa akriliki angavu unaizuia vizuri. Leza ya nyuzi za kioo hutoa karibu mikromita 1.07, na mfuniko uleule inaupita kama haupo. Usichukue mlango wa mashine moja ukaufunga kwenye nyingine. Shaba inayong'aa inaweza kurudisha mwali kupitia uzi hadi kwenye chanzo na kukiharibu, kwa hiyo uliza kama mashine yako ina kinga dhidi ya mwali unaorudi kabla hujaweka bamba. Na plastiki ya PVC usiikate kwa leza, hata kipande cha kujaribia. Moshi wake una gesi ya asidi hidrokloriki, unakula mapafu na reli za mashine kwa pamoja.

Mpaka leo, kabla ya kupandisha nguvu, nazunguka meza nikiwa na karatasi nyeupe na ile kadi, mwali ukiwa hafifu, nikitafuta madoa nisiyoyaalika. Juzi nililikuta moja kwenye kitasa cha mlango. Nililifuata kinyumenyume mpaka kwenye skrubu moja ya nikeli iliyokuwa imejitokeza milimita mbili kutoka kwenye kishikio cha lenzi. Nikaibadilisha na nyeusi.