Jibu: Binti amekataa kumwita mume wangu "baba"

Usimlazimishe, dada. Umesema mumeo si baba mzazi wa binti yako wa miaka 12, na kwamba binti alianza kumwita mumeo kwa jina lake tangu mdogo wake azaliwe. Hapo ndipo penye jibu. Kichanga ni wa nyinyi wawili. Binti yako sasa ndiye pekee nyumbani mwenye ubini wa mtu asiyekuwepo, na kila akijaza fomu ya shule analiona hilo. Tena huenda akimwita mumeo baba anahisi anamsaliti baba yake mzazi. Huo si utovu wa adabu.

Mwache achague mwenyewe jina la heshima, hata anko. Picha za baba yake zibaki chumbani kwake, na asikusikie ukimsema vibaya, maana kila unalomtupia baba linamwangukia mtoto. Nidhamu ishike wewe kwa sasa. Mumeo ajenge urafiki kwanza. Familia za namna hii huchukua miaka kuzoeana, si miezi (najua, si habari tamu).

Na huyo wifi yako uliyesema anamtambulisha binti yako kwa wageni kama "mtoto wa kufikia", mumeo amkanye leo hii.