Mwanangu, zile namba za babu

Mwanangu,

Juzi umeniuliza kwa WhatsApp, tena saa sita za usiku kama kawaida yako, zile daftari ulizobeba baada ya mazishi maana yake nini, kila siku namba moja na chini yake herufi, alafu ukaongeza, "mama, babu alikuwa anapima maji au anawapima nyinyi?" Nilicheka peke yangu. Kujibu kwa kidole kwenye simu siwezi ndo maana nimekaa nikaandika.

Alikuwa anapima vyote viwili.

Namba ni ya Ziwa Viktoria, kimo cha maji. Pale Jinja kuna kipimo cha maji, watu wa bwawa wanakisoma toka enzi za wazungu, na babu hata baada ya kustaafu alikuwa anapigia vijana wake simu wamsomee. Herufi ni sisi. Daftari la kwanza, la 1964, utaona kuna herufi moja tu, hiyo ni bibi yako, alafu tunaongezeka mmoja mmoja mpaka tunafika wanne na mama yetu watano. Ukiona mduara umezunguka herufi yani huyo amelala nyumbani. Kistari ni mtu amelala nje bila sababu ya maana. Mjomba wako mkubwa ana vistari vingi sana mwaka 1983, ukimwuliza atakwambia alikuwa anasomea mtihani, mwache tu.

Wewe ulimkuta tayari mzee wa kiti na redio. Aliingia pale bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja, kijana wa kubeba simenti, kibarua, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa yeye alikuwa nyuma kabisa ya watu akaona kofia tu. Habari za Malkia hata hakuzipenda. Alichokuwa anasimulia ni maporomoko ya Ripon, kwamba kabla ya bwawa kelele zake ulikuwa unazisikia, alafu maji yakapanda yakayafunika, kukawa kimya. Baadaye akasoma chuo cha Kyambogo, akaenda Nairobi kwa sababu Makerere wakati huo haikuwa na uinjinia, akarudi akaoa, tukapewa nyumba mtaa wa Walukuba, Jinja. Yeye Mlugbara, bibi yako Msamia, majirani kila kabila, sasa nyumbani ungeongea nini kama si Kiswahili.

Kazini kulikuwa na mashine kumi, kila moja megawati 15, zilifungwa moja moja kwa miaka mingi. Alikuwa anazijua kwa sauti. Lakini kilichomnyima usingizi ni zege lenyewe, alisema lina ugonjwa, mawe yaliyomo ndani yakikutana na simenti na unyevu yanavimba polepole ukuta unaanza kupasuka. Kwenye nyufa wanabandika kipande cha kioo, kioo kikivunjika unajua ufa unatembea. Kile kioo cha jikoni Walukuba ulichokuwa unakwaruza na kijiko ukiwa mdogo, ndo hicho. Alikileta akabandika kwenye ufa wetu wa juu ya jiko, bibi yako akamwambia wewe mzee utatuletea kazi mpaka kwenye sufuria. Kioo hakijavunjika mpaka leo.

Umeuliza pia kuhusu Aprili 1979, mbona mwandiko ni mwingine na hakuna namba. Huo ni mwandiko wa bibi. Vita ya kumtoa Amin imefika, watu wanasema daraja la bwawa litalipuliwa, na babu yuko ndani ya stesheni na wenzake hawatoki, mashine lazima ziangaliwe. Jeshi la Tanzania na wenzao waliingia Jinja tarehe 22 na bwawa likabaki zima. Siku zile zote bibi alikuwa analala na sisi chini ya kitanda, na asubuhi anachukua daftari anaandika herufi. Namba ya maji angeitoa wapi. Akaongeza herufi ya mumewe, bila mduara. Siku aliporudi, kwa miguu, viatu vimekatika, hakuandika namba pia, mduara ule mkubwa uliokwaruza karatasi ni bibi aliuchora mwenyewe.

Sasa langu. Mwaka 1987 niliondoka na baba yako kwenda Kisumu bila kuaga, hiyo unaijua nusu. Miezi mitatu kimya. Alafu dereva wa basi akaniletea bahasha, ndani mistari mitatu: maji yamepanda kidogo, huko Kisumu mtaona pia, mama yako mzima. Nilikasirika enyewe, nikasema huyu mzee hata kunigombeza hawezi, ananiandikia habari za maji! Niliporudi kuomba msamaha kitu cha kwanza nilifungua daftari nihesabu vistari vyangu. Hakukuwa na hata kimoja. Kila siku mduara. Nikamwuliza mbona umedanganya, na yeye alikuwa hadanganyi hata kwa bei ya samaki. Akasema Kisumu ni ziwa hili hili, kwa hiyo umelala nyumbani. Akarudi kwa redio yake.

Ukitaka kumwona amekasirika kweli soma 2006. Ukame, na mabwawa yamekuwa mawili yanavuta maji kupita kanuni ya zamani iliyosema ziwa likishuka na wewe unapunguza. Namba zinashuka kila wiki na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: debe la posho likipungua unapunguza kipimo, huongezi sufuria. Lodishedingi, umeme wa mgao, kila siku, injinia wa umeme anaandika kwa taa ya mafuta.

Na 2020 ndo utacheka. Corona, tumefungiwa, ziwa linapanda, Aprili kisiwa cha majani kikaelea mpaka bwawani kikaziba mashine, nchi nzima ikawa giza, na mzee anapiga simu kila asubuhi. Rekodi ilikuwa mita 13.41, ya Mei 1964, alikuwa ameipigia mstari mara mbili akiwa bwana harusi mpya. Siku waliyomsomea 13.42 alimwita bibi kwa sauti kutoka chumbani, na bibi alishafariki miaka sita. Akakaa kidogo. Alafu akaniomba nilete daftari la kwanza ahakikishe.

Hilo la 1964 usimpe mtu, mjomba wako analitaka na ataliacha kwenye boda. Na yale ya mwisho mwandiko unatetemeka lakini herufi yako ipo, ile yenye nukta juu, kila ukija likizo. Ukipata nafasi Jumapili nipigie, namba nyingine za 1991 sizisomi vizuri, maji yaliingia kabatini.

Mama yako